Mteremko wa Mama Otilia

Jumatatu, 3 Machi 2025
Mama Otilia kamaliza! Mteremko wake wote wa Kitura sasa ni matuta. Ngoro zake — yale mashimo ya Wamatengo, majani yamefukiwa kwenye kingo — zilikuwa zinammaliza magoti, na marehemu mumewe ndiye aliyekuwa akimkatia majani. Nikamwambia aachane nazo. "Sawa, bwana shamba. Wewe ndiye uliyesoma." Nimepiga picha, nimetuma kwenye grupu la kazini. Leo najiona mtu!

Ijumaa, 7 Machi
Mvua ya jana! Matuta yamepasuka sehemu tatu, mbegu za maharage zote bondeni. Nimeshuka hadi chemchemi ya kitongoji. Mwalimu Edina kanionyesha ndoo: maji mekundu kama tofali. Wanafunzi hawakupikiwa uji.

Nimepanda tena hadi shambani, nimechimba. Udongo dhiraa moja tu, halafu mwamba uliooza, unavunjika kama sukari guru. Chini yake jiwe gumu. Kumbe! Ngoro zilishika mvua, mwamba uliooza ukainywa taratibu, jiwe gumu likaizuia, ikatokea pale chemchemi, safi. Kitongoji kizima kinakunywa kupitia shamba lile. Miaka mitatu napita hapa naona kilima tu. Mjinga mimi.

Jumapili, 9 Machi
Baada ya misa Urbani, mwenyekiti wa kitongoji, kamfokea Mama Otilia mbele za watu. Eti kachafua maji, kikao kitaamua kama alime tena pale juu. Hana shamba lingine! Na Mama Otilia hakunitaja. Mimi nilikuwa palepale na pikipiki, nikajifanya nakagua tairi.

Jumanne, 11 Machi
Nikisema ni mimi niliyemshauri, habari itafika kwa wakubwa zangu wilayani. Nimefua shati lile lile mara mbili.

Jumatano, 12 Machi
Kikaoni. Naandika nyuma ya daftari la muhtasari — wamenipa mimi kazi hiyo, eti nina mwandiko mzuri. Mawingu yamefunga. Urbani kamuuliza Mama Otilia nani alimwambia afukie ngoro. Kajibu: nilichoka mwenyewe, baba.

Urbani kanigeukia: bwana shamba, andika chanzo ni uzembe wa mkulima.

Nimeandika "uzembe wa". Kalamu imegoma.

Mama Otilia kaniinamia. "Andika tu, mwanangu, tumalize. Mvua hiyo inakuja, nami nina mashimo ya kufukua."

Wote wananisubiri. Baada ya "uzembe wa", nafasi ya jina bado iko wazi.