Inchi Mbili za Baba

3 Februari

Mwanangu mpenzi,

Salamu zangu zikufikie ukiwa umekula. Ukisema "niko salama" mimi siridhiki, salama si chakula. Sisi ni wazima, mgonjwa ni kompyuta ya chumba cha kushonea. Ile programu aliyoniandikia baba yako, ninayoipa vipimo ikanipa saizi za kukata, jana imekubali kufunguka nilipojaribu mara ya sita. Na shule imeleta oda ya sare sitini, kitambaa kimeletwa cha kutosha tu, hakuna cha ziada. Watoto nimeshawapima wote. Kompyuta ikifa nitakata kwa kubahatisha? Roho yangu iko juu juu.

Mama yako

9 Februari

Shikamoo mama,

Nimekula, na kiporo kipo. Pokea programu mpya kwenye kompyuta ndogo niliyokutumia. Nimeiandika upya kwa lugha nyingine, maana ile ya baba mashine za siku hizi haziielewi tena. Ni kama kufumua gauni kuukuu ulishone upya kwa kitambaa kipya. Kioo ni kile kile cheusi: unaandika kipimo, unabonyeza, inajibu. Baba alikuwa na makosa madogo madogo, nimeyasafisha.

Binti yako

14 Februari

Mwanangu,

Marahaba, na afya iwe nawe, yangu imeniacha. Nimekata sare tatu za kujaribia. Mtoto wa kwanza kavaa, mabega yamemshuka kama kavaa ya kaka yake! Nimebonyeza vibaya? Naapa sijagusa kitu kingine. Baba yako anasema kosa haliko kwenye mashine, liko kwenye kiti kilicho mbele yake. Nimemnunia, chai kajichemshia mwenyewe. Sare zinatakiwa tarehe ishirini na saba. Mkasi nimeuweka chini, nakungoja wewe.

Mama yako

15 Februari

Shikamoo mama,

Usijilaumu, kiti hakina kosa. Nimeziweka programu mbili ubavu kwa ubavu, mstari kwa mstari. Kuna mmoja niliufuta: baba alikuwa anapunguza inchi mbili kwenye kila kipimo, wala hakuandika sababu. Nikasema mzee alikuwa na usingizi. Kwa nini alizipunguza?

Binti yako

17 Februari

Mwanangu,

Habari za huko? Za huku ni kicheko, mbavu zinaniuma. Tepu yangu haina mwanzo! Zamani ilinaswa na cherehani, nikaikata ncha, sasa inaanzia namba mbili. Nikisoma thelathini, mtu ana ishirini na nane. Nilikuwa natoa kichwani, nikichoka nasahau, ndipo baba yako akasema kompyuta itoe. Miaka kumi na miwili, hata mimi nimesahau! Nimemuuliza yeye, anajibu, "Mimi niliandika alichosema bosi." Zile tatu zinapunguzika, usihofu. Na tepu mpya usininunulie, hii vidole vyangu vinaijua. Rudisha mstari wa baba yako.

Mama yako

19 Februari

Shikamoo mama,

Nimeurudisha, na sababu nimeiandika pembeni, atakayekuja baada yangu asijifanye mjuaji kama mimi. Mwambie baba anisamehe. Kisha nikawaza: mama mdogo akija kukusaidia kupima, tepu yake si nzima? Kwa hiyo programu itakuuliza swali moja kabla ya kuanza, ijue kama itoe zile inchi mbili au isitoe.

Binti yako

27 Februari

Mwanangu wa pekee,

Natumaini umelala vizuri, maana mimi nimelala kama gogo. Sare sitini zimeenda shuleni leo asubuhi. Mwalimu kazigeuza ndani nje akitafuta kasoro, hakuiona, kazipokea zote. Baba yako anasema kakusamehe, ila kila anayemletea redio aitengeneze anamsimulia kuhusu mstari wake.

Swali lako nimeliona: "Tepu ya nani?" Mama mdogo wako alikuwa amesimama nyuma yangu, anataka niandike yake. Nikamwambia subiri zamu yako. Nikaandika: yangu. Programu haikubisha hata kidogo. Katika nyumba hii ndiyo ya kwanza.

Mama yako