Jani Mkononi mwa Babu Yako

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute umekaa barazani, magoti yametulia, na Mama ameshakukemea vya kutosha kwa siku hiyo. Kikohozi kimepungua? Ng'ombe amezaa? Mimi sijambo, ila baridi ya huku Ujerumani imeniingia hadi kwenye kucha. Theluji tunayoitazama kwa mbali kule Kibo, kileleni mwa Kilimanjaro, huku naifagia mlangoni kila asubuhi.

Kazi yangu unaijua: kusafisha picha za zamani zilizopigwa kwenye vioo. Navipangusa kwa brashi laini, naviweka juu ya meza yenye taa chini yake, kisha navipiga picha upya. Kwenye kioo kila kitu ni kinyume. Anga ni jeusi, migomba ni myeupe, Wazungu ni weusi, na sisi tunang'aa. Ukitazama hivyo mchana kutwa, akili inaanza kuelea. Wiki iliyopita nilielea mpaka nikafika nyumbani.

Ilikuwa saa nane mchana, theluji inaanguka dirishani polepole. Nilikuwa na kioo chenye migomba, ukungu na mti mmoja mkubwa. Nikasikia harufu ya moshi wa jikoni kwa Mama. Nikasikia maji ya mfereji. Nikawa natembea kihambani, katikati ya migomba yetu, miguu peku, wala sikushangaa. Ndipo nikaona kamba kwenye ule mti, na chini yake wanaume watatu, mikono imefungwa mbele, wanasubiri.

Baba, yule wa katikati ana paji lako la uso. Lile linalokataa kabla mtu hajauliza.

Nilimwita Bi Ursula, mkuu wangu wa kazi, anisomee karatasi iliyofungwa pamoja na kioo, maana mwandiko ni wa kizamani. Akasoma jina la babu yako, jina la baba yake, na jina la kijiji chetu. Nilikaa chini nikalia, wala sikujificha. Tangu utotoni nasikia kwamba Wajerumani walimnyonga, lakini kusikia ni kusikia. Huyu alikuwa amesimama, shuka limeteleza begani, bado anapumua.

Bi Ursula akainama, akaniuliza, "Hilo jani alilolishika ni la nini? La kufukuzia nzi?"

Nilitaka kucheka nikashindwa. Ni jani la isale, Baba. Limepigwa fundo, kama tunavyolifunga tunapokwenda kumwomba mtu msamaha. Mpiga picha ameandika kwamba babu yako alipewa jani hilo asubuhi ile na mkalimani wa Wajerumani, ndugu yake, na kwamba askari walipotaka kumnyang'anya alikataa kuliachia.

Mkalimani, ndugu yake. Ndiye yule ambaye jina lake halitajwi nyumbani kwetu. Ndiye babu wa Baba Mdogo Elia wa ng'ambo ya mfereji, ambaye hujala naye nyama ya Krismasi tangu nizaliwe, kwa sababu babu yake aliwaonyesha Wajerumani njia ya kumkamata ndugu yake, na babu yako, ulituambia, alikufa akimlaani.

Hakufa akimlaani. Kwetu kulipokea isale ni kusamehe, na nani hung'ang'ania isale ambalo hajalipokea? Sisemi mkalimani hakukosa. Alikosa, naye alijua, ndiyo maana alipita mbele ya askari wote na jani mkononi.

Sasa jambo litakalokukasirisha, kwa hiyo mwambie Mama akuletee chai kwanza. Najua Baba Mdogo Elia, tangu aanze kuugua, amekuletea isale mara mbili. Najua umeliacha juu ya ukuta wa baraza likakauka, ukasema, "Isale la mjukuu halifuti kosa la babu." Mama alinisimulia kwenye simu akinong'ona. Aliniambia pia kwamba hospitali imemrudisha Elia nyumbani, na Krismasi ni mbali kwake. Baba, hata waliouliwa mtoto hupokea isale. Wewe, mzee wa kanisa, unalianika ukutani? Nimeona aibu, nakuambia wazi. Huwa unaniita Mama kwa kuwa nimerithi jina la mama yako. Leo nisikilize kama yeye.

Siku hizi nikiinamia ile meza namwona babu yako akinigeukia. Ameshika tu jani lake, na ukungu unapita nyuma yake taratibu, kana kwamba kuna muda mwingi sana. Natamani abaki vivyo hivyo, asiitwe mtini. Kisha nazima taa, nakwenda kupanda treni, na hata humo bado nasikia maji ya mfereji.

Msalimie Mama, umwambie asikane kwamba alinisimulia. Nisalimie mdogo wangu Ndesario anayekamua ng'ombe, na Shangazi wa Rau, ambaye najua atakuja kusomewa barua hii akijifanya ameleta ndizi.

Ndani ya bahasha kuna picha mbili, zote sawa. Usiwaonyeshe watoto. Moja ni yako. Ya pili ni ya Baba Mdogo Elia, kwa kuwa yule asiyefungwa mikono, aliyesimama pembeni kichwa ameinamisha, ndiye mkalimani, babu yake. Usimtume mtu. Vuka mfereji mwenyewe, uipeleke angali anaona.

Ni mimi binti yako, ninayekupenda na kukuogopa vilevile,

Aikande