Alama za Midomoni

Endebess,
Jumatatu, 3 Oktoba 2005

Kwa dada yangu mpendwa, Mama Nyambu,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu na kwa wote waliobaki hapa nyumbani. Natumaini wewe na Mwalimu Wabwile mlifika Kanduyi salama baada ya mazishi, na kwamba mliwakuta watoto wanaamka na kucheza. Huku mvua haijakatika. Mahindi yamekauka lakini bado yamesimama shambani kwa sababu hakuna aliye na moyo wa kuyakata. Phelista ameanza kula kidogo, ingawa akipakua chakula bado anaweka sahani ya mumewe Ngige, halafu anairudisha kabatini. Mimi ni mzima wa mwili.

Barua hii nimempa Wekoye, yule wa kununua viazi, na amekubali kuileta mpaka mkononi mwako kabla hajashusha gunia hata moja. Jana nilimpigia Mwalimu simu nikamwambia Nyambu apelekwe hospitali kubwa. Alinijibu kwa heshima kwamba mtoto anatumia dawa ya minyoo, tungoje kwanza imalizike. Nilitaka kumweleza zaidi, nikakata simu. Ndiyo sababu naandika. Tafadhali keti chini usome yote, na usiruke mstari.

Wewe ulimwona Ngige akiwa amelazwa kwa sanduku. Hukuona yaliyotangulia, na mengi niliyokuambia kwa simu yalikuwa nusu. Unakumbuka tangu ujana wake alikuwa akishikwa na tumbo, anajikunja, halafu baada ya saa moja anainuka kama hakuna kitu. Alitibiwa minyoo, akatibiwa amiba, akatibiwa vidonda vya tumbo. Mwaka jana mwezi wa nne, tukipanda, maumivu yalimshika na hayakumwachilia. Alitapika maji ya kijani, tumbo likawa gumu kama ngoma. Tulimpeleka Kitale kwa piki-apu ya jirani huku akiuma kola ya koti lake asipige kelele.

Daktari wa upasuaji, Kipkoech, alimpasua siku hiyo hiyo. Baadaye alinieleza kwamba utumbo mwembamba ulikuwa umejimeza, yaani kipande kimoja kimeingia ndani ya kingine, vile mkono wa sweta hugeuka ndani ukiivua kwa haraka. Kilichouvuta ni kinyama kilichoota ndani yake. Alinionyesha hicho kinyama kikiwa kwenye chupa. Kilifanana na uyoga, kina shina na kichwa chenye vifundo. Kilipelekwa Eldoret kupimwa, na baada ya wiki tatu majibu yakaja kwamba si saratani. Unakumbuka furaha yetu. Phelista alichinja kuku wawili, na Ngige akasema tumbo lake limeachwa fupi, kwa hivyo atakula mara nyingi zaidi.

Siku ile ya majibu daktari aliniita peke yangu ofisini. Aliyoniambia nitayafikia. Nipe nafasi kwanza nimalizie habari za kaka yetu.

Mwaka huu tangu mwezi wa pili Ngige alianza kuchoka. Alikuwa akipeleka maziwa kwa baiskeli mpaka kituoni bila kupumzika. Sasa akawa anaisukuma hata penye tambarare. Viganja vyake vikawa vyeupe. Phelista ndiye aliyegundua kwamba choo chake kimekuwa cheusi kama lami, na alipomwuliza, akamwambia ni mboga za majani. Mwezi wa saba alianguka katikati ya mahindi, na mbwa ndiye aliyetuonyesha alipo.

Daktari Kipkoech alimpasua tena. Safari hii hakukawia ndani, na alipotoka nilijua kwa macho yake. Alisema amekuta kitu kingine, karibu na pale utumbo unapoanzia, na hiki si kama kile cha kwanza. Kile kilikuwa kinaning'inia tu. Hiki kilikuwa kigumu, kimepenya ukuta wa utumbo na kushikana na vilivyo karibu, na mbegu zake zilikuwa tayari kwenye ini. Hiki ni saratani. Alifunga bila kutoa kitu.

Siku ya pili alikuja wodini. Ngige alikuwa macho. Daktari alisimama miguuni pa kitanda, akafungua faili, akaniuliza mbele yake, "Mama, mbona hamkurudi? Si nilikupa barua ya kwenda Eldoret?"

Nikasema barua ilipotea.

Daktari alinitazama, akafunga faili, akaenda kwa mgonjwa mwingine. Ngige alingoja mpaka uji ukaletwa na vikombe vikachukuliwa. Ndipo akasema polepole, "Kabura, si uliniambia hiyo kitu iliisha?"

Rosaline, sasa nimefika pale ambapo kalamu haitaki kwenda.

Barua haikupotea. Niliichoma mwenyewe jikoni. Siku ile ofisini daktari aliniuliza kama kuna wengine kwetu wenye alama nyeusi midomoni kama Ngige, zile ndogo kama punje za mtama. Nikacheka nikamwambia mama yetu alikuwa nazo, na wewe unazo, na Nyambu wako alizaliwa hana lakini zikamtokea akiwa na miaka miwili, hata ndani ya mashavu na kwenye vidole. Yeye hakucheka. Alisema hizo alama na hivyo vinyama ni ugonjwa mmoja, unatoka kwa mzazi kwenda kwa mtoto, kwa wengine unapita na kwa wengine haupiti. Alisema vinyama vingi si vibaya vyenyewe, ila vinaweza kuziba utumbo au kutoa damu, na kwa watu wa namna hii saratani inaweza kuja, kwa hivyo ni lazima wachunguzwe mara kwa mara maisha yao yote. Akaandika barua akitaja Ngige, dada yake, na mtoto wa dada. Yaani wewe na Nyambu, Rosaline. Mlikuwa kwenye karatasi ile.

Ilikuwa zimebaki siku kumi wazee wa Mwalimu waje kwetu rasmi kuleta mahari. Miaka kumi ulikuwa umeishi kwake bila wao kukanyaga boma letu, na unajua maneno ya Mzee Wepukhulu, kwamba huyu mwanawe ametoa wapi mwanamke asiyejulikana ukoo wake una nini. Niliwaza wakisikia kwamba ukoo wetu una ugonjwa, na kwamba unaonekana wazi kwenye mdomo wa bibi harusi, watageuza magari njiani. Nikajiambia nitasema baada ya sherehe. Sherehe ikapita, ulikuwa na furaha sijawahi kukuona nayo, nikajiambia baada ya mavuno. Ngige naye nilimwambia majibu ni mazuri, kwisha.

Na kuna la chini ya hilo, ambalo sijamwambia mtu, hata kasisi. Mimi sina alama hata moja. Mama alipokuwa hai aliwaita nyinyi wawili watoto wake wa alama, na mimi nikiwa msichana mdogo nilijichora midomo kwa makaa ili aniite hivyo pia. Alinifuta kwa leso akicheka. Daktari aliponieleza, kabla sijaogopa kwa ajili yenu, nilisikia kitu kama furaha. Kilikuwa cha muda mfupi, lakini nilikisikia, na tangu hapo nilishindwa kuwatazama usoni na kuwaambia.

Mama pia, ni ugonjwa huu uliomwua. Hakuwekewa sumu. Jirani yetu tuliyemfukuza kwa maneno mpaka akahama hakuwa na hatia yoyote.

Haya yote nilimwambia Ngige pale wodini. Hakunitukana, ingawa nilitamani anitukane. Alitazama dari, halafu akaniuliza, "Rosaline anajua?" Nikasema hapana. Akageukia ukutani akasema, "Mwambie." Tangu siku hiyo mpaka alipokata roho alikubali nimwoshe na nimlishe, lakini neno jingine na mimi hakuwa nalo.

Nilikusudia kukuambia siku ya mazishi. Ulinijia nikiwa nimeshika sinia ya chai, ukasema Nyambu hakuja kwa sababu tumbo linamkata na kumwacha, na ametapika mara mbili wiki ile. Na unajua nilichokujibu. Nilikuambia umpe maji yenye chumvi na sukari. Kisha nikapita na chai yangu kwa wageni.

Rosaline, usingoje dawa ya minyoo imalizike. Jana nilikwenda Kitale nikamsubiri Daktari Kipkoech mpaka alipotoka wodini, nikamweleza kila kitu. Amesema umlete mtoto Jumatano asubuhi, na wewe mwenyewe uje. Mtakunywa dawa nyeupe kama chokaa, halafu mtapigwa picha za tumbo. Kama Nyambu ana vinyama, vinaweza kutolewa kabla havijamfanya kitu. Daktari hakuniahidi zaidi ya hapo, nami sikuahidi. Lakini tumbo lake likiwa gumu, au akitapika kijani, au choo kikiwa na damu, msije Kitale. Nendeni hospitali hapo hapo Bungoma saa hiyo hiyo, na umpe daktari barua hii aisome, hata kama Mzee Wepukhulu amesimama pale anasikia.

Sikuombi unisamehe. Sijui hata ningeuweka wapi msamaha huo. Nakuomba mje tu. Jumatano tangu saa moja asubuhi nitakuwa pale stendi ya Kitale, yanaposhusha watu magari ya Bungoma. Kama hutaki kuongea na mimi, usiongee. Mshike mtoto mkono upite, nami nitawafuata nyuma mpaka mlangoni kwa daktari, nikae nje.

Nisalimie Mwalimu, na umwambie si kosa lako wala la mtoto. Nibusie Nyambu hiyo midomo yake. Phelista anakusalimu, yeye nilimwambia jana, na leo hajanipa mkono, lakini ndiye aliyenitafutia karatasi na kalamu.

Ni mimi, dada yako,
Kabura