Alama ya Simu Kwenye Utando Wangu

Mpendwa Dada Thục, naomba unijibu upesi, maana nina hasira, na Jumatatu saa mbili asubuhi natakiwa niweke sahihi kwenye karatasi inayosema mimi ni mzembe.

Nimesoma mpaka sekondari tu, na kwa miaka tisa natengeneza utando katika maabara moja hapa Đà Nẵng, utando wa plastiki ya rangi ya machungwa juu ya vipande vya kioo, na plastiki hiyo ina molekuli kama vijiti ambavyo vikipigwa na mwanga unaotetema upande mmoja hujikunja na kujikunjua mpaka vyote vinalala kukingama na mtetemo ule, ndipo mwanga unapita tofauti upande huu na upande ule, na hivyo ndivyo tunavyoandika picha kwa mwanga, lakini kabla ya kuandikwa lazima utando ukae chumba cheusi chenye taa nyekundu. Ukiuweka kati ya vichujio viwili vya mwanga vilivyokingamana, ulio safi hubaki mweusi.

Tangu tarehe 6 Mei wangu unang'aa. Profesa Trực (majina nimebadilisha) alinisimamisha mbele ya wote: "Dada, hivi vioo unaviosha au unasugua masufuria?" Wakacheka. Aliyecheka zaidi ni Khải, mwanafunzi wake wa shahada ya uzamivu, ambaye pia ni mtoto wa dada yake Profesa.

Shajara yangu inasema hivi. 6 Mei: nimeosha vioo mara tatu. 9 Mei: utando umeng'aa tena. 13 Mei: nimekuta kitanda cha kukunja nyuma ya kabati la chumba cheusi. Sisi sote hulala kidogo baada ya chakula cha mchana, mimi hulala chini ya meza yangu, lakini chumba kile kina kiyoyozi, na funguo nilimpa Khải mimi mwenyewe aliponibembeleza, "Dada yangu mzuri, huku nje ni tanuri, nusu saa tu!" 20 Mei: nimemkuta anakoroma, simu yake inaonyesha mpira, imelala kifudifudi juu ya kifuniko cha kioo cha trei yangu ya utando, na mwanga wa simu nao hutetema upande mmoja. Nikapima utando wa chini yake. Umeng'aa umbo la mstatili wenye pembe za mviringo, ukubwa wa simu ileile!

Nilipomwambia pembeni, akanijibu, "Nani atakuamini, dada, na hicho cheti chako cha sekondari?" Nikarudisha shajara kwenye mkoba. Sasa Profesa ameagiza Jumatatu nianze kwa kuweka vipande vyote kwenye sahani ya moto, kwa kuwa joto huvuruga vijiti na alama zote hufutika, kisha nisaini. Mume wangu anasema, "Saini tu, yaishe." Nisaini?

L., Đà Nẵng

Mdogo wangu L., usisaini.

Nimekasirika kwa ajili yako, halafu nimekukasirikia wewe. Miaka tisa ya kazi, halafu neno moja la kijana aliyelala kazini linakufunga mdomo? Shajara inayokaa kwenye mkoba haimtetei mtu. Na mumeo mwambie sahihi ni yako.

Ulitoa funguo, umekosa. Liseme hilo wewe mwenyewe, tena la kwanza, kabla Khải hajalisema kwa namna yake.

Kilichonishawishi ni zile pembe za mviringo. Hakuna mkono unaosugua kioo ukaacha umbo la simu. Nawe ulikuwa tayari kuufuta ushahidi huo kwa mikono yako! Sahani ya moto usiiwashe. Funga utando ule kwa karatasi nyeusi, ufungie kwenye droo ya maabara, usiupeleke nyumbani wakasema umeiba.

Jumatatu fika mapema, panga vichujio, mwite Profesa aangalie kwa jicho lake. Kisha mwombe Khải aweke simu yake juu ya alama ile. Usipige kelele, usitaje ujomba, usiongeze neno; waache watazame. Profesa akisema bado usaini, andika chini ya karatasi, kwa mwandiko wako, "Nimekataa," weka tarehe, uende siku hiyohiyo kwa chama cha wafanyakazi na shajara yako, wadai utando ule ukaguliwe kabla haujaguswa.

Na funguo zirudi mfukoni mwako. Joto la Mei tunalivumilia sote chini ya meza zetu. Naye Khải akalale huko.

Dada Thục