Krismasi ya Wali Mtupu na Ufunguo wa Saluni

Nyumbani kwa Dada Mkubwa,
Mlango wa bluu, nyuma ya duka la viatu,
Januari 4.

Mpendwa mdogo wangu Chiriku,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu, kwa shemeji yako fundi bomba, na kwa wanangu ambao wameketi hapa wakinichungulia nisije nikawasema vibaya. U hali gani huko uliko? Ule mgongo umepona, au bado unabeba mizigo kazini halafu unasingizia baridi? Sisi tu wazima. Mama magoti yanamsumbua kidogo asubuhi, lakini mdomo wake hauna ugonjwa wowote.

Nina habari, na sitaki uruke mistari kwenda mwisho kama ilivyo tabia yako.

Unajua nilivyokaa pale saluni miaka yote kwa kiti cha kukodi. Nikisuka kichwa, nusu ya pesa inakwenda kwa mwenye saluni. Basi mwezi wa kumi na moja akaniita pembeni akasema anahamia kwa binti yake. Chumba ananiachia mimi kwanza, pamoja na vioo, sinki na draya za kukaushia nywele, mradi nimlipe kabla mwaka haujaisha. Nikishindwa, kuna kijana muuza simu ana pesa mkononi. Na mimi ningeanza kuzunguka na kitana mfukoni nikitafuta kiti kwingine.

Desemba kila mwanamke anataka kichwa kipya cha sikukuu, tunasuka mpaka vidole vinakataa kushika kijiko. Na kila mwaka pesa hiyo huyeyuka siku moja, kwa sababu mimi ni mzaliwa wa kwanza na karamu ni kwangu. Wanakuja wote, mikono mitupu na matumbo matupu, na Januari mimi narudi kukopa sabuni.

Mwaka huu nikasema liwalo na liwe. Nikaandika kwenye kundi letu la simu kwamba karamu ipo palepale, ila kila nyumba ije na sufuria yake. Wanangu nao nikawaambia hakuna nguo mpya, viatu vya shule vitapigwa rangi. Baadaye kaka yako Meneja, ambaye tangu tumpe jina hilo hajawahi kusimamia kitu isipokuwa sahani yake, akauliza kama simu yangu imeibwa. Pesa yangu, pamoja na ile uliyotuma wewe ya sikukuu, nikawa nampa Mama kila jioni. Aliifutika kibindoni, na pale hata mimi sithubutu kugusa.

Siku yenyewe wakaja wamependeza. Sufuria zikapangwa mezani, nikaanza kufunua. Ya dada yako mwalimu: wali. Ya wifi yetu, mke wa Meneja: wali. Ya Mama: wali, tena ameuviringishia taulo usipoe. Na yangu je? Wali pia, Chiriku, na maharage kidogo. Kila mmoja alijiambia kwamba nyama haiwezi kukosa wa kuileta, basi yeye abebe kilicho rahisi.

Shemeji yako akaanza kucheka, akanyamaza alipoona watoto hawacheki. Kitinda mimba wangu akaniangalia usoni akauliza nyama iko wapi. Hapo moyo uliniuma kweli, sikufichi.

Meneja akapata upenyo.

“Dada, si una pesa kwa Mama? Toa kidogo tu, kilo tatu. Kesho utajazia.”

Wote wakanitazama. Mama akapeleka mkono kibindoni, akasubiri neno langu. Pesa ilikuwa imetimia bila hata senti ya ziada. Nikisema toa, chumba kimekwenda.

“Sitoi,” nikasema. “Mwaka huu sitoi. Nani hapa ambaye hajawahi kula nyama yangu?”

Mama akaondoa mkono. “Haya, Meneja. Na wewe mfukoni mwako mna nini?”

“Si una ile bahasha ya ofisini, wewe!” wifi akatoboa siri. Meneja akashika mfuko wake haraka, akatutazama mmoja mmoja, kisha akatoka bila kuaga. Wali ukapoa. Tukaamini ametoroka.

Akarudi shati limelowa jasho, amebeba mfuko wa nyama kama aliyeiwinda mwenyewe. Mabucha yalikuwa yamefungwa, ikabidi amfuate muuza nyama mpaka kwake na kumlipa bei ya kukatizwa usingizi. Tulikula jioni. Sijawahi kula nyama tamu namna ile, kwa sababu sikuinunua mimi. Meneja alikaa akikitazama kipande chake, akaniambia kwa sauti ya chini, “Dada, kumbe nyama ni ghali hivi? Na miaka yote ulikuwa unanunua peke yako?” Nikamwambia ale, inapoa. Lakini machozi yalikuwa yananilenga.

Kabla mwaka haujageuka, Mama alifungua kibindo mbele ya mwenye saluni na kulipa mwenyewe, noti moja moja, akilamba kidole. Nikakabidhiwa ufunguo! Muuza simu alipofika alasiri alinikuta napiga deki, nikamkaribisha na kumwuliza kama anataka kuoshwa kichwa. Sinki lilikuwa linavuja, shemeji yako amelitengeneza bure, na bure ndiyo bei ninayoipenda.

Pesa yako safari hii hatukuila. Ni draya ile iliyo karibu na dirisha. Nimeipa jina Chiriku kwa sababu ina kelele.

Mwalimu anakusalimu, wifi vilevile. Meneja anasema mwakani nyama ni juu yake, nami nimeandika ili uwe shahidi. Mama anakusalimu sana, na anauliza tena utamletea mchumba lini.

Kabla sijaweka kalamu chini: jana nilisuka kichwa cha kwanza tangu nipewe ufunguo. Mteja aliponilipa, nikagawa noti mafungu mawili kama kawaida yangu, nikageuka na ile nusu mkononi kumpa mwenye saluni. Hakukuwa na mtu. Kiti chake kilikuwa kitupu, na kwenye kioo nilikuwa mimi peke yangu. Nikazitia zote mfukoni, Chiriku. Zote.

Mungu akulinde huko, akupe afya, akurudishe kwetu ukiwa na kichwa kinachohitaji kusukwa.

Ni mimi, ninayekupenda hata usipojibu barua zangu,

Dada Mkubwa,
mwenye saluni.