Pamba Niliyotia Masikioni

Baba,

Kuna jambo sijamwambia mtu, hata Mama. Kila asubuhi, kabla wenzangu hawajafika ofisini, nachukua pamba kidogo kwenye vifurushi vya sampuli, nasokota vipande viwili, natia masikioni, kisha nafunga kitambaa kichwani kuvificha. Pamba ya wakulima, Baba. Na wewe ulifanya kazi kiwandani miaka yote ukikung'uta nguo getini, usije ukaleta nyumbani hata uzi mmoja.

Naomba unisikilize kwanza.

Ulifariki kabla sijamaliza shule. Nimemaliza, na nimepata kazi ya kupiga chapa hapa mjini Shinyanga, katika ile ofisi ya pamba unayoijua. Sasa usingeitambua. Meneja mpya alibomoa kuta za vyumba ili, kama alivyosema, asiwepo wa kujificha nyuma ya mlango. Tumekaa watu kumi na wawili katika ukumbi mmoja, meza zimepangwa kama darasani. Mama Kulwa, anayetunza mafaili, ana redio. Wakulima wanaingia na malalamiko yao, wote wanasema kwa pamoja. Na kushoto kwangu yuko Bwana Masanja wa simu, ambaye anaongea na Kahama kana kwamba waya haupo na sauti lazima ifike yenyewe.

Mwezi wa kwanza nilipewa waraka wa kwenda vijijini. Unapigwa kwenye stensili, ile karatasi ya nta ya kutolea nakala nyingi, na kosa lake ni gumu kufuta. Masanja alikuwa akisimulia habari za mbuzi wake. Waraka ukafika hadi Bukombe ukiwaambia wakulima wapande kwa mistari kwa sababu mbuzi amekula shati la Jumapili.

Ofisi ilicheka wiki nzima. Meneja hakucheka. "Binti, bado uko kwenye majaribio," alisema. "Likitokea jingine, utarudi nyumbani."

Nyumbani, Baba, ambako Mama analima peke yake na wadogo zangu wanangojea mimi.

Ndipo nikaanza kumchunguza Masanja. Nikipiga barua za kawaida, anaongea taratibu. Nikiweka stensili tu, sauti inapanda. Nilimwangalia siku sita mfululizo, ikawa hivyo hivyo. Halafu ana mpwa wake, amemaliza masomo ya kupiga chapa, huja kukaa kwenye baraza la ofisi akinitazama vidole. Ungefikiri nini? Mimi unanijua, siwezi kumuuliza mtu mzima. Nikatia pamba.

Wiki mbili sikukosea hata herufi. Kisha akaja Mzee Luhende, yule uliyekuwa ukipakua naye magunia, sasa ni mwenyekiti wa kijiji. Alisimama nyuma yangu akisubiri nimwamkie. Mimi nikaendelea kupiga, binti amekaa, mzee kama yule amesimama. Nilipogeuka, ukumbi mzima ulikuwa umeacha kazi unanitazama. Nikapiga goti, nikasema shikamoo, lakini alikwisha kunipa mgongo. Mama Kulwa aliniambia baadaye Masanja alisema nini: "Shule imempanda kichwani."

Kesho yake Meneja akanisimamisha mbele ya wote, Mzee Luhende akiwapo. Akataka nieleze. Ningeeleza nini? Nikitaja pamba, mimi ni mwizi wa sampuli. Niliomba radhi tu.

Meneja akamgeukia Masanja. "Na wewe, kwa nini unapiga kelele wenzako wakifanya kazi?"

"Ni mashine ya huyu binti," Masanja akajibu. "Akiweka hilo karatasi lake la nta, anagonga kama anatwanga mtama. Kahama wananiuliza kama nimepigia simu kwenye mashine ya kusaga. Sasa mimi ninong'one?"

Ni kweli, Baba. Kwenye stensili utepe wa wino unawekwa kando ili chuma kitoboe nta, na mimi nagonga kwa nguvu zote nikiogopa kurudia. Sikuwahi kufikiria kwamba na mimi nina kelele.

Mzee Luhende akacheka mpaka akashika meza. "Mwacheni ng'wanone, mwanangu huyu," akasema. "Baba yake naye, kile kiwanda kilimla masikio. Ulikuwa unamsalimia mara tatu, ya nne ndiyo anauliza umefika lini."

Nimebaki kazini. Nimekunja gunia na kuliweka chini ya mashine, na Masanja ameshusha sauti. Lakini simwamini sawasawa. Mpwa wake bado anakuja, na jana alikuwa amesogeza kiti karibu na dirisha. Mama Kulwa naye ameniuliza mara mbili mbona sifungui kitambaa hata kwenye joto. Mwenye swali la bure haulizi mara mbili.

Pamba nimepunguza. Ni sikio moja tu, la upande wa Masanja. Majaribio yakiisha nitaitoa kabisa, nakuahidi, na mtu yeyote mzima akivuka kizingiti nitasimama nimwamkie kabla hajafika mezani kwangu.

Pumzika, Baba. Mama atakuja Jumapili kupalilia kaburi, na najua huwa anazungumza nawe. Akikuuliza habari zangu, mwambie naendelea vizuri. La pamba usimwambie. Libaki letu sisi wawili.

Mwanao,
Nyamizi