Kumvisha Mshenga

Jumatatu, 7 Oktoba

Nimenyoosha nguo za wiki nzima, kama kawaida. Leo shati la kijani kizito, suruali ya kaki, mkanda wa kahawia, viatu vya kahawia. Mkanda na viatu lazima viwe ndugu. Mtu akivaa mkanda mweusi na viatu vya kahawia mimi humwangalia na kumsikitikia, basi.

Mimi ni mrefu, mwembamba, mweusi tii, mvi zimeanza pembeni. Nimeishi na mwili huu miaka hamsini na sita. Naujua. Rangi za udongo zinanikubali: kahawia, kaki, damu ya mzee. Kijivu kinanifanya nionekane nimetoka wodini. Njano sigusi.

Dukani nimesifiwa kabla sijauza hata tairi moja la baiskeli. Sikushangaa.

Habari kubwa. Zuhura amepiga simu kutoka Kaliua. Kaka yake, Mzee Hamisi, amekubali kupokea posa, Jumamosi ya wiki ijayo. Baba yao alishafariki, kwa hiyo neno la nyumba ile analo yeye. Akisema hapana ni hapana. Zuhura ni mjane, anauza mchele sokoni Kaliua, ana sauti ya kukoroma kidogo akicheka. Nimekaa mgane vya kutosha. Namtaka yule mwanamke. Naandika humu kwa sababu humu hakuna wa kunicheka.

Jumatano, 9 Oktoba

Nilitandaza nguo za posa kitandani. Kanzu ya rangi ya maziwa. Koti la damu ya mzee. Kofia ya kushonwa kwa mkono. Makubazi mapya. Nikarudi nyuma hadi mlangoni kuangalia. Safi kabisa.

Rama, rafiki yangu, akaingia. Akaangalia kitanda. Akacheka mpaka akakaa chini.

"Kwani unakwenda wewe? Ninakwenda mimi, bwana. Mimi ndiye mshenga."

Kweli. Mposaji haendi. Anakaa kwake anasubiri kama mtihani wa mtu mwingine. Hilo nalijua tangu utoto, sijui lilinitoka vipi. Nadhani nilikuwa nimeshajiona nimekaa kwenye lile kochi, wakwe wananitazama.

Nimerudisha nguo kabatini. Nimenuna hadi jioni.

Ijumaa, 11 Oktoba

Zuhura kanipigia baada ya swala. Sauti si yake. Kuna mtu wa hapa Tabora amefika kwao na kumpa kaka yake habari zangu: mtanashati, ana kabati zima la makoti, hapiti kwenye kioo bila kusimama. Mzee Hamisi kasema hivi: mwanaume anayejipenda kiasi hicho, nafasi ya kumpenda mke ataitoa wapi?

Limenichoma. Mke wangu marehemu nilimuuguza mwenyewe, nikamwogesha, nikamsuka nywele kwa mikono hii. Hilo halikufika Kaliua. Makoti yamefika.

Zuhura anasema kaka yake bado hajafunga mlango. Atamsikiliza mshenga.

Na mshenga ni Rama. Rafiki yangu tangu shule, ulimi wa asali, anapatanisha hata waliokwisha kwenda mahakamani. Lakini anavaa fulana za kampeni. Uchaguzi uliopita na ule wa kabla yake. Suruali inaanzia chini ya kitambi na kuishia chini ya kisigino. Mtu huyo ndiye sura yangu mbele ya wakwe.

Haiwezekani.

Jumapili, 13 Oktoba

Nimempeleka Rama mitumbani. Walikuwa wamefungua belo la makoti asubuhi, tukawahi.

Nilianza vibaya. Nikampa koti la kaki, kwa sababu kaki naipenda. Akawa gunia la mpunga. Nikampa kahawia. Akapauka. Nilikuwa namvisha mimi, si yeye. Rama ni mfupi, mnene, maji ya kunde. Vinavyonikubali mimi vinamkataa yeye. Nikakaa kwenye benchi la muuzaji nikamtazama kama sijawahi kumwona. Tunajuana tangu wadogo na sikujua kama ana mabega mazuri.

Bluu nzito. Koti na suruali rangi moja, jicho lishuke moja kwa moja lisikwame kiunoni. Koti la vifungo viwili, lisizidi makalio. Hakuna mirabaraba. Shati la waridi hafifu la kumwashia uso.

Waridi akaikataa. Ya kike, anasema. Nikamwambia avae kwanza aongee baadaye. Akavaa. Muuzaji akamshikia kioo. Rama akajigeuza kushoto, akajigeuza kulia, akauliza bei.

Alhamisi, 17 Oktoba

Fundi amepunguza mikono na kukunja suruali. Sasa kisigino kinaonekana.

Leo tumemaliza mapambo. Nimemvua pete mbili. Nimemvua na saa yake ya dhahabu bandia, pana kama kisosi, nikampa yangu ndogo ya mkanda mweusi. Kofia ndefu kidogo, imwongezee kimo. Nilitafuta mjini, zote fupi. Nikampa yangu ya mkono, niliyoagiza Zanzibar na kusubiri miezi. Imeniuma. Nimempa.

Nikamwambia achomekee shati. Akachomekea. Nikamwambia asimame wima na kitambi akiache kilivyo, kukibana kunamfanya aonekane ana njaa. Akasimama.

Amependeza. Amependeza kuliko nilivyokusudia. Nikaona wivu, nauandika ulivyo. Mke wake alipomwona alimuuliza anaoa nani.

Jumamosi, 19 Oktoba

Amekwenda na basi la asubuhi.

Nimekaa dukani na shati la jana. Sikugundua mpaka mchana.

Simu hailii.

Jumapili, 20 Oktoba

Rama amerudi. Kaja moja kwa moja dukani, bado na suti, kwenye vumbi lote hili. Alikuwa na uso wa mtu aliyevunja kitu cha watu.

Mambo yalianza vizuri. Mzee Hamisi kampokea, wakasalimiana, wakaanza mazungumzo. Akatoka nje kidogo kuzungumza na jirani. Ndipo akaingia mama yao, Bibi Mwamvua, mtu mzima sana lakini macho yake makali. Akamtazama Rama kuanzia kofia hadi kiatu. Kwa bibi huyu mshenga ni mzee mwenye kanzu iliyopauka na mwavuli. Ndivyo walivyokuja wa kwake, ndivyo walivyokuja wa binti zake. Mtu aliyevaa vile hawezi kuwa ametumwa. Ni mwenyewe.

Akamwita mkwe. Rama anasema alimsahihisha. Bibi akadhani ni haya. Kikaletwa chakula, bibi akachukua firigisi kwa mkono wake akamwekea kwenye sahani.

Nikamuuliza: ukaila?

Akasema: "Sasa ningemrudishia mama mtu mzima chakula?"

Ameila firigisi yangu.

Mzee Hamisi aliporudi akamkuta mama yake anamsimulia Rama habari za utoto wa Zuhura. Ikabidi ielezwe. Bibi akakasirika, akaona amechezewa. Kampenda huyu, anasema. Mwenyewe yukoje, mbona kajificha nyuma ya mtu mzuri? Mzee Hamisi naye hakucheka. Akasema jibu hatoi. Aje mwenyewe, Jumamosi, waone anayeficha uso.

Mposaji kuitwa kabla ya jibu. Sijawahi kusikia kwa mtu yeyote. Nimejiletea mwenyewe, kwa koti la bluu.

Jumanne, 22 Oktoba

Nimemkasirikia Rama siku mbili. Leo imeisha. Kosa lake ni kupendeza, na kupendeza nilimfundisha mimi.

Ameniletea ushauri. Niende nimevaa kawaida. Shati lolote, suruali yoyote, kandambili ikibidi. Wasione mtu wa kioo. Anasema mke nitampata, koti nitavaa baadaye.

Kuna akili ndani yake. Zuhura hakusema hivyo wala vile. Alisema tu: "Wewe njoo." Anaogopa. Na mimi pia.

Ijumaa, 25 Oktoba

Nimejaribu kuvaa kawaida. Shati la kijivu alilonipa shemeji mmoja zamani, halijawahi kutoka kwenye mfuko. Suruali ya kuzibulia mtaro. Nikasimama mbele ya kioo.

Nikaona mgonjwa. Si mnyenyekevu. Mgonjwa. Macho yameingia ndani, shingo imekuwa ndefu, hata mvi zimekuwa chafu. Mtu huyo akiniposea binti yangu namnyima.

Halafu nikafikiri: nikienda hivi wakanipa mke, watakuwa wamempa nani? Siku ya pili ya ndoa nitavaa koti langu na Zuhura atasema ameolewa na mwingine. Nitaanza nyumba kwa kujificha. Ndicho hasa Mzee Hamisi anachonituhumu.

Hapana. Nitakwenda nilivyo. Wakinikataa, wamkatae huyu.

Kanzu ya maziwa. Koti la damu ya mzee. Nimevipiga pasi vyote viwili.

Jumamosi, 26 Oktoba

Nimerudi. Naandika kabla sijavua koti.

Basi lilikuwa na vumbi, nilitandika kanga kwenye kiti. Wakacheka, wacheke. Kaliua nikajipangusa viatu stendi, nikanyoosha kofia yangu ya zamani, nikaenda kwa miguu.

Mzee Hamisi alikuwa barazani. Mwembamba kama mimi, mweusi kama mimi, umri umezidi. Amevaa shati la njano. Njano ya yai. Moyo ukanishuka, si kwa hofu. Kwa shati. Nikamwamkia shikamoo, akajibu marahaba bila kuinua kidevu.

Bibi Mwamvua akanizunguka. Kweli alinizunguka, na fimbo yake. Akasema mrefu. Akasema mweusi. Akarudi kukaa. Zuhura akapita na birika, macho chini, gauni la zambarau. Zambarau inamtoa sana. Nilitaka kusema, nikameza.

Tukala. Firigisi ikaenda kwa Mzee Hamisi. Niliiona ikienda.

Baada ya kunawa akaniuliza, mbele ya wote:

"Tangu umeingia unalitazama shati langu. Lina nini?"

Nilikuwa na nafasi ya kusema halina kitu. Ningesema zuri tu, mzee. Zuhura alikuwa amesimama mlangoni, nikaona vidole vyake vimeshika pazia. Lakini nilishaamua jana kwamba sijifichi.

Nikamwambia:

"Shati halina kosa, mzee wangu. Njano ndiyo haikutaki. Inakuzeesha. Mimi pia hainitaki, rangi yetu ni moja."

Kuku alikuwa anaparua nje, nikamsikia vizuri sana. Bibi Mwamvua akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. Mzee Hamisi akaliangalia shati lake, akalivuta kidogo kifuani, akaliachia. Akasimama, akaingia ndani. Nikajua nimeharibu. Nilikaa pale na koti langu zuri, nikahesabu nimejiponza mara ngapi mwezi huu kwa nguo.

Alipotoka alikuwa amebeba fimbo yake. Akasema twende, anisindikize stendi. Njiani aliuliza ya duka. Aliuliza ya mvua. Aliuliza mke wangu aliugua nini, nikamweleza, na aliyemuuguza ni nani, nikamwambia mimi. Akatembea kidogo.

Basi likaja. Nimeshaweka mguu kwenye ngazi, akanishika mkono wa koti, akakipapasa kitambaa kwa kidole gumba.

"Na siku hiyo mimi nivae rangi gani?"

Sikuelewa. Nikauliza siku ipi.

"Ya nikaha, bwana. Unataka nisimame na njano?"

Kondakta ananipigia kelele nipande. Nikamwambia kahawia. Kahawia ya kahawa, mzee wangu, na kofia nyeupe. Akaitikia kwa kichwa kama mtu anayepokea dawa, akageuka, akaondoka.

Nimelia kwenye basi. Kwa furaha, na bila leso, maana leso ilikuwa ya mapambo na sikutaka kuiharibu. Nikajifutia kanga ya kiti.

Jumatano, 30 Oktoba

Mvua ya kwanza alfajiri. Vumbi limetulia, barabara ya dukani inanukia.

Rama amekuja na ile suti ya bluu. Anasema anakwenda benki. Hakuna aendaye benki hivyo. Hajarudisha kofia na sijamuuliza.

Zuhura amepiga simu mchana, kuna kelele za soko nyuma yake. Amenunua kitambaa cha nikaha. Amekilipia, kipo mkononi. Nikauliza rangi gani, nikijua ni zambarau.

Chungwa.

Chungwa kwa Zuhura ni makosa. Inamla uso. Hata mwanafunzi wangu wa kwanza, Rama, angeliona hilo akiwa mbali. Na pembeni ya damu ya mzee itapiga kelele mpaka mtaa wa pili. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

Akasema, kabla sijasema: "Najua hainifai, Saidi. Sijawahi kuvaa rangi ninayoipenda. Siku zote nimevaa inayofaa."

Kuna mtu alimuuliza bei ya mchele, akamjibu, akanirudia.

Nikamwambia utapendeza. Akacheka kwa kukoroma kule kwake, akakata.

Jioni nimefungua kabati. Hakuna kitu humu kitakachokaa na chungwa. Kesho nikifunga duka nitapita kwenye vitambaa, nianze kutafuta.